Mpaka Aambiwe Rudi

Kile kijiji cha Ujamaa kilichokuwa maili tatu kutoka Mtinko kilikuwa na watu wake wa kila kazi. Palikuwa na wa kuchinja, wa kuunga mifupa, na wa kuandika barua za kwenda kwa watoto walioko jeshini. Wa kusindikiza wageni alikuwa Alute. Hakuna aliyemchagua. Mkutano wa kijiji ulichagua watu wa mambo mengi miaka ile, hata wa kutunza majembe ulimchagua, lakini hili la kusindikiza Alute alijichagulia mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Kusindikiza mgeni nani asiyekujua? Mgeni akiaga unanyanyuka, unambebea mzigo, mnakwenda mkizungumza, na mkifika mahali mgeni anasimama, anapokea mzigo wake na kusema, basi, rudi. Hapo umeruhusiwa. Ukigeuka kabla ya neno hilo umemtupa mtu njiani. Naye mgeni mwenye akili halicheleweshi. Analisema palepale kwenye ua wa minyaa, mwenyeji akawahi shughuli zake. Kwa wengi wetu neno hilo ni la adabu tu, mtu hata akilisahau unajikohoza kidogo, unajigeukia. Kwa Alute lilikuwa amri. Hajaambiwa rudi, harudi.

Bwana mifugo mmoja, mtu mwenye mawazo mengi, alilisahau, akashtukia amefika Ilongero na Alute bado yuko pembeni yake na mkoba wa sindano begani. Mgambo naye alikuja siku moja kumkamata jirani aliyetoroka shamba la kijiji. Alute akawasindikiza wote wawili, mkamataji na mkamatwa. Mgambo alimwambia rudi kwa ukali, Alute akamjibu kwa upole kwamba hiyo haihesabiki, aseme vizuri. Dina, mke wake, alikuwa akisema kwamba mauti yakija kumchukua mume wake hayatamkuta kitandani. Yatamkuta njiani, na mzigo wa mtu kichwani.

Lakini Dina huyohuyo, akiona watu wanazidisha utani, alikuwa akibadilisha maneno. Yeye alijua jambo lilikoanzia. Zamani, kabla ya Uhuru, Alute alikuwa na kaka yake, Laurian. Wakagombana kwa sababu ya ng'ombe dume mmoja, mmoja anataka auzwe, mwingine anataka alimie. Laurian akakasirika, akasema anakwenda Tanga kukata mkonge. Asubuhi alipoaga, Alute aliingia zizini akajifanya anakamua, akakaa humo mpaka aliposikia nyayo zimekwisha. Laurian alikwenda peke yake hadi barabarani, amejibebea blanketi lake. Baada ya miaka minne lilirudi blanketi, limeletwa na mtu wa Mgori aliyekuwa naye huko. Mwenyewe alizikwa hukohuko kwenye mkonge. Mama yao hakupiga kelele wala hakulaani. Alisema tu kwamba mwanawe alitoka nyumbani kama mbwa aliyefukuzwa, hana hata mtu wa kumtoa njiani. Tangu siku hiyo Alute hakumwacha tena mtu aondoke peke yake.

Sasa basi, mwaka wa sabini na tano walikuja vijana sita kutoka Uholanzi, wametumwa na parokia yao kuja kusaidia kujenga zahanati. Walikaa miezi mitatu. Wazuri, wachapakazi, wekundu kama nyanya ifikapo saa saba. Watano walikuwa wa kubeba mchanga na kuchota maji. Wa sita, Hendriki, alikuwa mwashi hasa, na kwa kuwa mwashi wa kijiji alikuwa Alute, wakawekwa kwenye ukuta mmoja.

Wiki ya kwanza hawakupatana hata kidogo. Hendriki alikuwa na pima maji yake ya mbao, ina kioo na tone la hewa ndani, anailaza juu ya kila tofali kama anayepima joto la mtoto. Alute alikuwa na uzi wake na jiwe alilolifunga mwishoni, timazi aliyorithi kwa baba yake. Kila mmoja alisema ukuta wa mwenzake umeinama. Siku ya nane wakapima ukuta wa Alute kwa pima maji ya Hendriki na ukuta wa Hendriki kwa jiwe la Alute, na kuta zote mbili zilikuwa zimenyooka. Wakatazamana, wakacheka mpaka Hendriki akadondosha mwiko. Kuanzia hapo ukiwatafuta mmoja unawapata wawili. Hendriki akahamia kwa Alute, akawa anakula ugali wa uwele na mlenda wa Dina kila jioni, na akiulizwa kama ameshiba anasema bado kidogo.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimepigwa pasi. Hakuwa na haraka ya kujibu. Alilipanga neno kwanza, ndipo akalitoa. Ni juu ya jukwaa la ujenzi, wakipandisha kozi ya mwisho ya matofali, alipomwuliza Alute kwa nini anawasindikiza hata kina mama walioleta maji na wataleta tena baada ya nusu saa. Alute hakuwa na kawaida ya kulisimulia jambo lile. Siku hiyo alilisimulia lote, zizi, nyayo, blanketi. Hendriki alishika tofali mkononi mpaka udongo ukakauka.

Siku ya kuondoka ikafika, mwezi wa saba, upepo wa Singida unavuma vumbi kama kawaida yake. Landrova ya misheni ilikuja na dereva wake, Fabiano, mtu wa mjini, mchangamfu. Basi la Dodoma lilikuwa linaondoka Singida saa nane mchana. Mazengo, balozi wa nyumba kumi, alikuwa ametangaza tangu jana kwamba kuaga kuna mwisho. Mtama wa kijiji unapurwa leo, na ambaye hataonekana kwenye kiwanja cha kupuria saa sita jina lake litasomwa mkutanoni. Alisema hayo akimtazama Alute. Alute akasema atakuwepo, tena atatangulia.

Moyoni, hata hivyo, alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu isipokuwa Dina. Wageni wengine wote aliowahi kuwasindikiza walikuwa wanakwenda wakijua watarudi, au walau wanakwenda mahali anapopajua. Hendriki alikuwa anakwenda asikorudi. Tangu Laurian hakuwa amepata mtu wa namna hiyo, rafiki wa kweli anayekwenda moja kwa moja. Huyu ilikuwa lazima aagwe sawasawa, mpaka neno la mwisho. Akiharibu safari hii, alimwambia Dina, basi wote aliowasindikiza miaka ishirini ni bure. Dina akamwambia avae viatu. Hakuvaa, alitoka na kandambili zake za matairi, amebeba sanduku la vifaa la Hendriki.

Kijiji kizima kilitoka. Kwaya mbele, wageni katikati, Landrova nyuma inatambaa kwa gia ya kwanza. Kwenye kisima kwaya ikamaliza nyimbo zake, ikabaki. Penye majabali mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba fupi, yaani fupi kwake, akabaki. Kwenye korongo la mchanga Katekista Damiani akatazama viatu vyake vipya, akatazama mchanga, akawabariki wageni kutoka ng'ambo ile. Wote hao waligeuka bila kuambiwa, wakijikohoza. Alute aliwaona na aliona aibu kwa niaba yao. Wageni watano wakapanda gari. Hendriki alitazama nyuma, akamwona mzee bado anakuja na sanduku, akakataa kupanda. Gari likatangulia kuwasubiri Mtinko.

Wakabaki wawili barabarani.

Wakaenda wakizungumza habari za kuta. Walipofika kwenye mti wa kwanza mkubwa Hendriki akasimama, akamgeukia. Alute akasimama. Akajua neno linakuja. Akaweka sanduku chini tayari. Hendriki akamtazama, akangoja, akakohoa, akasema upepo leo ni mkali. Alute akasema kweli ni mkali. Akalinyanyua sanduku wakaendelea. Kwenye njia panda Hendriki akasimama tena. Akampa mkono, akautikisa sana, akasema asante kwa yote. Alute naye akashukuru, akangoja. Hakuna neno. Jua linapanda. Huko nyuma mtama unamngoja. Wakaendelea. Walisimama hivyo mara tano kabla ya kuona mabati ya Mtinko, na kila mara Hendriki alikuwa anatazama uso wa Alute kama mtu anayesubiri kitu, na Alute anatazama uso wa Hendriki vivyo hivyo. Mara ya nne Alute alianza kuona pengine huyu kijana hataki yeye arudi, na jambo hilo lilimfurahisha na kumtesa kwa wakati mmoja.

Mtinko wenzake Hendriki walikuwa wameshakunywa chai. Fabiano alitazama saa yake, akafungua mlango wa nyuma, akasema twendeni. Hapa ndipo, alijisemea Alute. Penye mlango wa gari hapana namna nyingine. Hendriki alisimama muda mrefu kuliko mara zote. Akatazama gari, akamtazama mzee na vumbi lililompanda mpaka magotini. Kisha akasogea pembeni, akanyoosha mkono kuelekea ndani ya gari, na kusema, "Karibu, Mzee Alute."

Karibu! Maskini Alute! Mtu anangoja aambiwe rudi, anaambiwa karibu. Lakini amri ni amri. Akapanda, akakaa katikati ya Waholanzi wawili na sanduku mapajani, na Landrova ikaondoka kuelekea Singida. Fabiano alidhani mzee ana shida yake mjini, hakuuliza. Walipopita Ilongero Alute alimkumbuka bwana mifugo, akaona kumbe siku ile hakwenda mbali. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Akamwona Mazengo kwa macho ya moyoni, ameshika daftari na kalamu ameilamba ncha.

Mjini walishuka stendi saa saba. Ziwa lilikuwa linameta huko chini, basi linapakiwa magunia juu ya paa, watu wanagombania madirisha. Wageni watano walimuaga Alute mmojammoja, wakamkumbatia, wakapanda. Hendriki hakupanda. Alikuwa amesimama na Alute pembeni ya gurudumu la basi, kila mmoja anatazama upande wake kama wanandoa waliogombana. Kondakta alipiga ubavu wa basi mara ya kwanza.

Fabiano akaja kuwapa mkono. Ndipo akamwuliza Alute kwa heshima yote, baada ya kumpa shikamoo ambayo aliisahau asubuhi, amekuja kwa nani hapa mjini ili ampeleke.

"Sijaja kwa mtu," Alute alisema. "Namsindikiza huyu."

Fabiano alimtazama. Akatazama kandambili. Akahesabu maili kichwani. Akamvuta Hendriki kando hatua mbili, ambazo hazikutosha maana Alute alisikia kila kitu, akamwuliza kwa nini amemtembeza mzee wa watu namna hii bila kumwambia arudi.

Hendriki alikuwa mwekundu siku zote, lakini sasa alizidi. Kiswahili chake cha pasi kilikunjamana chote. Alisema kwamba yeye tangu asubuhi anasubiri mzee ageuke. Kwao kuna padri mmoja mstaafu aliyewahi kukaa Afrika, si huku, kwingine kabisa, ambaye aliwafundisha wiki nzima kabla ya safari. Aliwaambia mengi, na moja aliloliandika Hendriki na kulipigia mstari lilikuwa hili, kwamba mwenyeji akikutoa njiani usimwambie aondoke hata kidogo, maana ni kumfukuza. Subiri ageuke mwenyewe. Na Mzee Alute hakugeuka. Alijaribu kumpa nafasi kwenye mti, akajaribu kwenye njia panda, akajaribu mara tano. Pale Mtinko aliona haya kumwacha barabarani, akaamua bora ampandishe. Alikuwa ameanza kuwaza, alisema, jinsi atakavyomtafutia mzee tiketi ya Dodoma.

Fabiano alishika kofia yake kwa mikono miwili, akachutama palepale stendi akicheka. Alute alijaribu kujizuia, mtu mzima, mbele ya watu. Akafikiria mti, akafikiria upepo mkali, akafikiria lile sanduku alivyokuwa akiliweka chini na kulinyanyua. Kicheko kikamtoka puani. Muda si mrefu wote watatu walikuwa wanajifuta machozi, na mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga akasogeza ungo wake mbali, asije akaangukiwa na wendawazimu.

Kondakta akapiga ubavu wa basi mara ya pili. Injini ikawaka.

Kicheko kikaisha. Sasa lilikuwa limebaki neno lenyewe, na kila mmoja alijua ni lipi, na zamu ilikuwa ya Hendriki. Alichukua sanduku kutoka mkononi mwa Alute, akalifungua, akatoa ile pima maji ya mbao, akaiweka mkononi mwa mzee. Alute naye akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi na jiwe la baba yake, akampa. Hakuwa amepanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Bado neno halikutoka. Hendriki alikuwa analipanga, kama ilivyokuwa kawaida yake, na safari hii lilimchukua muda mrefu sana. Alipolitoa alilitoa polepole, na macho yake yamejaa.

"Mzee Alute, umenisindikiza. Na Laurian umemsindikiza. Miaka yote hii ulikuwa unamsindikiza yeye. Amefika. Basi, rudi."

Akageuka haraka, akapanda basi, asitazame nyuma mpaka alipopata kiti.

Alute alibaki amesimama. Basi liliondoka na vumbi lake, mkono mmoja mwekundu ukipunga dirishani, umeshika uzi wenye jiwe linaloning'inia. Alilia bila kuficha uso, mzee wa miaka hamsini na kitu, katikati ya stendi, na yule mama wa karanga akarudisha ungo wake karibu na kumpa karanga za bure. Fabiano alimshika bega, akamwambia gari litakwenda Mtinko kesho asubuhi na simenti, leo atalala kwake. Alute akakubali. Alilala usingizi mzito mpaka wakamwamsha kunywa uji.

Kesho yake Fabiano alimfikisha hadi kwenye ua wake wa minyaa. Dina alikuwa amesimama hapo na maneno yake tayari ameyapanga tangu jana saa sita, na alianza nayo. Jina lake limesomwa. Limesomwa peke yake, la kwanza na la mwisho. Mazengo amesema mtu aliyeahidi kutangulia hakuonekana hata kwa darubini. Halafu akaona pima maji mikononi mwake, akauliza jiwe la baba liko wapi. Alute akamwambia limekwenda Uholanzi. Dina akatazama uso wa mume wake vizuri, akaacha yaliyobaki. Akaenda kumwekea maji ya kuoga.

Adhabu aliyopewa ilikuwa kupura siku mbili peke yake. Aliitumikia yote, na watu walisema walimsikia akicheka mwenyewe kule kiwanjani, wakamsikitikia.

Lakini kilichokitikisa kijiji hakikuwa hicho. Baada ya wiki tatu Mazengo mwenyewe alikuja kwa Alute jioni kumaliza maneno ya mtama, akala, akashiba, akaaga. Alute akanyanyuka kama kawaida, akachukua fimbo ya Mazengo, wakatoka wakizungumza. Walipofika kwenye ua wa minyaa Mazengo, ambaye ni mtu mwenye makusudi, alinyamaza. Alitaka kuona atafikishwa wapi. Alute alisimama. Akamkabidhi fimbo yake, akamtakia usiku mwema, akasema yeye anaishia hapo. Akageuka akarudi ndani.

Mazengo alibaki kwenye minyaa na fimbo yake. Badala ya kwenda nyumbani alikwenda kwa katekista, na katekista akaenda kwa mwenyekiti, na kesho asubuhi na mapema walikuwa watu saba mlangoni kwa Alute wamekuja kumpa pole. Walidhani ni homa. Mmoja alileta maziwa. Mwingine alimnong'oneza Dina kuuliza kama mzee anakula vizuri, na huko mjini alikutana na mtu gani. Dina akawaacha wakae, akaenda nyuma ya nyumba ambako mume wake alikuwa anachanganya udongo, pima maji iko pembeni juu ya kigogo. Akamwambia watu wamejaa mlangoni, wanataka kujua anaumwa nini hata amwache Balozi kwenye minyaa bila kuambiwa rudi.

Alute alinawa mikono taratibu, akaifuta kwenye suruali.

"Waambie siumwi," alisema. "Nilishaambiwa."